Mpaka Simu Ilale

Fundi hakuigusa simu yangu. Aliitazama pale nilipoiweka, juu ya mkeka wa mpira wa bluu, akaanza kuniuliza maswali.

"Iliingia maji gani, mama? Ya bomba, ya kisima au ya bahari?"

Ya kisima. Na kisima cha mtaani kwetu kina chumvi ya kutosha kuharibu chai.

"Ilikaa humo muda gani?"

Dakika tatu, labda nne. Niliinama kuchota, ikachomoka ikazama kwenye pipa refu, na mpaka nimepata mtu wa kunisaidia kulipindua, ndiyo hivyo.

"Ulivyoitoa, uliichomeka chaji?"

Hapo nikasita, kama mgonjwa anayeulizwa kama alimaliza dozi. Niliichomeka. Haikuwaka. Nikaifukia kwenye mchele usiku kucha, asubuhi nikaichomeka tena.

"Huo mchele mmeshaupika?"

"Bado."

"Upikeni. Hauna kazi nyingine."

Akanieleza, bila kunikaripia, kwamba maji peke yake si adui mkubwa. Simu iliyoingia maji ikazimwa hapo hapo, ikafunguliwa na kusafishwa, mara nyingi hupona. Kinachoua ni maji kukutana na umeme, tena maji yenye chumvi: hapo shaba ya ndani huanza kuliwa, na kila dakika ya chaji ni dakika ya kuongezewa meno. Kwa hiyo ile asubuhi ya pili, nilipoichomeka kwa matumaini, nilikuwa nailisha iliyokuwa inaila.

Tulikuwa Kariakoo, ndani ya moja ya majengo yale ya upande wa Aggrey na Likoma ambako chini kabisa zinauzwa simu mpya zilizofungwa kwenye maboksi, juu yake vioo, makava na chaja, na kadiri unavyopanda ngazi ndivyo simu zinavyozidi kuwa wagonjwa. Meza ya fundi huyu ina upana wa mlango uliolazwa. Juu yake kuna hadubini, bloa, pasi ya risasi, mita, pawa saplai yenye mshale na namba, kopo la thina, mswaki wa meno uliolika upande mmoja, na feni ndogo iliyong'olewa kwenye kompyuta mbovu, kazi yake kuondoa moshi usoni kwake na kuuleta kwangu.

Niseme ukweli kuhusu kilichonikalisha pale saa nne nzima. Haikuwa mapenzi ya ufundi. Kila mtu mjini anajua ule wosia: usimwachie fundi simu, atakutolea spea nzima akuwekee mbovu. Nilivuta stuli nikakaa kama mlinzi wa benki. Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimetoka kwenye duka lenye kiyoyozi na namba za foleni, ambako kijana mwenye fulana ya kampuni aliiunganisha simu yangu na kompyuta, kompyuta isipoiona akasema bodi imekufa, nibadilishe bodi nzima. Bei aliyonitajia ilipungua kidogo tu kuliko simu mpya. Sikumlaumu. Alikuwa amefundishwa kusoma jibu la kompyuta, na kompyuta ilikuwa imejibu.

Fundi alijipangusa vidole kwa spiriti ndipo akaishika. Aliipasha moto mgongo kwa bloa aliyoipunguza, akawa anaigusa kwa mgongo wa kiganja kama mama anayepima maji ya kumwogesha mtoto. Gundi ya siku hizi haitaki nguvu, inataka joto na subira. Alipoona imelegea akaweka kikombe cha kunyonya, akainua kwa kiasi cha kupitisha kucha, akaingiza kipande chembamba alichokata kwenye filamu kuukuu ya eksirei. Akakizungusha pole pole pembeni mwa simu. Mgongo ukatoka mzima.

Cha kwanza alichokitenganisha ni betri. Halafu skrubu, na hapa ndipo ulinzi wangu ulipoanza kugeuka udadisi. Alikuwa na karatasi aliyoichora umbo la simu, na kila skrubu aliyoitoa aliiweka kwenye karatasi mahali pale pale ilipotoka kwenye simu. Zilikuwa 13. Kwa macho yangu zote ni moja. Alinipa mbili nizilinganishe: moja ilizidi nyingine kwa urefu wa unene wa kadi ya laini.

"Hii ndefu ukiiweka kwenye tundu la ile fupi, inaingia vizuri tu. Unaikaza, unafurahi. Kumbe huko chini imetoboa bodi."

Bodi ya simu si ubao mmoja. Ni tabaka nyingi za shaba na plastiki zilizobanwa pamoja, na njia za umeme hupita katikati yake kama mabomba chini ya barabara. Skrubu ndefu ikizama nusu milimita kupita kiasi hukata njia ambazo hakuna jicho litakaloziona tena. Simu ngapi zimeuawa hivyo, na mtu aliyekuwa anatengeneza kitu kingine kabisa! Kumbe nusu ya ufundi ni kutoongeza ugonjwa.

Alipong'oa vifuniko vya bati vilivyofunika bodi akaniita kwenye hadubini. Nilitarajia kuona uchafu. Niliona mji. Kulikuwa na majengo meusi ya mraba, vijumba vya kahawia vilivyopangwa mistari, barabara za dhahabu, na katikati ya mtaa mmoja, ukungu wa kijani kama ule unaoota kwenye sinia la shaba lililosahauliwa stoo. Hayo ndiyo maji ya kisima chetu pamoja na chaji yangu.

Akasafisha kwa thina na mswaki. Hakusugua. Alipiga piga kwa ncha za nywele, upande mmoja kisha mwingine, akitega bodi ili uchafu uteremke nje badala ya kwenda kujificha chini ya aisi, yale majengo meusi. Kisha akaiacha ikauke. Mteja wa jirani alikuwa anagomba kwamba kioo chake kimewekwa feki, kipaza sauti cha chini kilikuwa kinatangaza kava buku mbili, na fundi alikuwa amekaa, mikono mapajani, anangoja thina ipae. Sijui ni lini mara ya mwisho nilimwona mtu mjini akingoja kitu bila kutoa simu mfukoni.

Ilipokauka akaishikisha nyaya za pawa saplai kwenye mdomo wa betri, volti nne. Simu nzima, alinieleza, ukiiwekea umeme bila kubonyeza kitufe, haitakiwi kula kitu. Mshale ulale. Ukibonyeza, mshale upande kidogo, usite, upande tena, ushuke, uruke ruke. Kila simu ina namna yake ya kuamka, na yeye anazijua nyingi kwa mwendo wa mshale tu. Akiona umesimama katikati bila kusogea anajua simu imeamka ila imesahau inakokwenda: hiyo ni programu, au kumbukumbu. Ukipanda kidogo ukaanguka, ni mahali pengine. Pawa saplai yake ina namba pia, lakini namba anaziangalia baadaye. "Mshale kwa haraka, namba kwa hakika."

Kwangu hakubonyeza chochote. Mshale uliruka mpaka mwisho ukagonga ukingo. Akazima mara moja.

"Shoti. Laini ya betri."

Mtu asiyejua angedhani kazi imeisha hapo: tatizo limejulikana. Ndipo lilipoanza. Kwenye laini inayotoka betri kuna kapasita makumi, zimetapakaa bodi nzima, kazi yake kutuliza umeme usitikisike kabla haujafika kwenye aisi. Kila moja mguu mmoja uko kwenye laini, mwingine uko kwenye ethi. Moja ikipasuka tumboni, miguu yake inaungana, umeme wote unamwagikia ethi. Na kwa kuwa zote zimeshikana, ukiweka mita kwenye yoyote, nzima au mbovu, mita inalia. Ni kama nyumba ya vyumba thelathini yenye bomba moja: maji hayatoki kwa mtu yeyote, na kila mpangaji anakuapia kwamba si chumbani kwake.

Na wapangaji wenyewe! Kapasita ndogo za simu nyingi zina urefu wa milimita 0.6 na upana wa milimita 0.3. Unaweza kuzipanga makumi juu ya punje moja ya mchele, na hapo ndipo ningekiri kwamba mchele umepata kazi.

Nilimuuliza walioziweka wana macho ya namna gani. Akacheka. Hakuna aliyeziweka. Kiwandani, uji wa risasi hupakwa kwenye bodi kupitia bati lenye matundu, kisha mashine huzinyonya kapasita kutoka kwenye mikanda iliyoviringishwa kama filamu na kuzishusha mahali pake, makumi elfu kwa saa moja. Bodi hupita kwenye tanuri refu ambalo joto lake hufika karibu nyuzi 250, risasi huyeyuka na kuganda, kamera hukagua, basi. Maana yake, kile kidude kilichokuwa kimeizima simu yangu hakikuwahi kuguswa na mkono wa mtu tangu kuumbwa kwake. Mkono wa kwanza ungekuwa wa huyu bwana, ghorofa ya tatu, Kariakoo.

Nimelirudia wazo hilo mara nyingi tangu siku ile. Tunazoea kudhani kwamba mashine imemnyang'anya fundi kazi, na kwa fundi wa kuunda ni kweli. Lakini mashine ile ina sharti moja kubwa: kila bodi inayofika mbele yake iwe sawasawa na iliyopita. Simu milioni moja zinazotoka kiwandani ni simu moja iliyorudiwa mara milioni. Zikishaingia mitaani ndipo kila moja inapata habari zake. Moja inakaliwa kwenye daladala. Nyingine inaanguka kwenye mtori. Ya tatu inatumiwa na bodaboda kwenye vumbi la Mbagala mpaka tundu la chaji linajaa udongo, ya nne inachajiwa kwa chaja ya buku mbili usiku umeme ukicheza. Zinapofika kwa fundi hakuna mbili zinazofanana.

Apple walionyesha roboti yao iitwayo Daisy mwaka 2018. Kazi yake ni kuchambua iPhone zilizokwisha, na inaweza kuchambua 200 kwa saa. Inapigisha betri baridi kali mpaka gundi inakatika, inazisukuma skrubu nje kwa kishindo badala ya kuzifungua, inatenga vipande, madini yanarudi kiwandani. Ni kazi ya maana; kwa hesabu za Umoja wa Mataifa dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na kiasi kilichothibitika kukusanywa na kurejelezwa vizuri hakikufika hata robo. Siidharau Daisy. Ninachoona ni kwamba tumepata roboti ya kuunganisha na roboti ya kubomoa, na katikati yao, kwenye maisha yote ya simu, amekaa mtu na kibano.

Nirudi kwenye shoti. Kuna fundi ambaye angeanza kung'oa kapasita moja baada ya nyingine mpaka mita inyamaze. Nimeambiwa wapo. Wetu alitoa kipande cha rozini, kile kitu cha rangi ya asali kinachotokana na utomvu wa misonobari, akakigusa kwa pasi ya moto na kuinamisha bodi juu ya moshi wake. Moshi ukaganda juu ya bodi kama ukungu mweupe, mji wote ukafunikwa. Kisha akaipa laini ile umeme mdogo, volti moja tu ili isiunguze kitu kizima, akaachia ampia zipite. Umeme wote ulikimbilia penye upenyo, na penye upenyo pakapata moto. Tulikuwa tumeinama wote wawili, yeye kwenye hadubini, mimi pembeni kwenye kioo kidogo kilichounganishwa nayo. Sekunde tatu. Kwenye weupe ule kikatokea kitone kimoja kikayeyuka, kikawa kama tone la maji kwenye unga.

"Yule," akasema.

Zipo kamera za joto zinazoonyesha jambo hili mara moja, kwa rangi. Fundi mwenzake wa ghorofa ya chini anayo. Niliuliza, kwa ile tabia yetu waandishi ya kupenda vya kale, kama yeye anaona rozini ni bora zaidi. Alinishangaa. Kamera ni bora. Akipata hela atanunua.

Kuing'oa ile kapasita kulichukua dakika moja, na maandalizi yake dakika ishirini. Risasi ya viwandani siku hizi haina madini ya risasi ndani yake; Umoja wa Ulaya uliyapiga marufuku kwenye vifaa vya umeme kuanzia Julai 2006 na viwanda vya dunia vikafuata. Hii mpya huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi, wakati ile ya zamani, ya bati na risasi halisi, huyeyuka kwenye nyuzi 183. Kwa hiyo kwanza aligusa miguu ya kapasita kwa risasi yake ya zamani, zikachanganyika, akashusha kiwango cha moto kinachohitajika. Kapasita ilikuwa imepakana na aisi ya umeme, na chini ya aisi ile kuna vidonge vingi vya risasi vilivyojipanga mahali ambapo huvioni. Vikiyeyuka bila kukusudiwa vinaungana, na hapo sasa bodi inakufa kweli. Akaifunika aisi kwa tepu ya njano isiyoshika moto. Akapaka flaksi. Akapunguza upepo wa bloa, kwa sababu upepo mkali utazipeperusha jirani zake kama makapi.

Aliposhusha moto alishika pumzi. Nilijikuta nami nimeshika. Hakuikamata kapasita kuivuta, jambo ambalo mimi ningelifanya. Aliigusa ubavuni kwa ncha ya kibano, kidogo sana. Haikusogea. Akangoja. Akaigusa tena, ikateleza kando na kurudi yenyewe mahali pake. Hiyo ndiyo ishara: risasi ikishakuwa maji hukivuta kidude kirudi katikati, kama mtumbwi uliofungwa kamba. Kabla ya hapo ukivuta unang'oa na shaba iliyo chini. Baada ya hapo unainua tu.

Akainua. Akaweka mita. Mita ikanyamaza.

Palikuwa na nafasi ya kuishia pale. Simu ingewaka bila ile kapasita, alisema mwenyewe. Zipo nyingine nyingi kwenye laini ile ile na hakuna ambaye angejua. Mafundi wengi huiacha wazi. Yeye alivuta droo iliyojaa bodi za simu zilizokufa, akatafuta inayofanana, akatoa kapasita moja nzima, akaipima, akaipandikiza. Nikamuuliza kwa nini ajisumbue.

"Aliyechora hii bodi hakuiweka kwa urembo."

Droo ile ina historia yake. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia nchi nzima, watu walibaki na simu zisizoshika mtandao, na yeye akazinunua kwa bei ya chakula cha mchana, gunia zima. Bado anakula humo.

Alianzia kwenye vitochi. Nokia 1100, ile yenye tochi kichwani iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, ndiyo iliyokuwa darasa lake la kwanza, kwenye meza ya mjomba wake Buguruni. Mwaka mzima hakuruhusiwa kushika pasi. Kazi yake ilikuwa kufungua, kusafisha, kufunga, na kupanga skrubu. Anasema mjomba alikuwa akimwambia taja kinachoumwa kabla hujafungua, kisha fungua tuone, na akikosea hakupigwa wala kutukanwa ila siku hiyo hanywi soda. Kizazi kile cha simu kilisameheka. Mchoro wa umeme ulipatikana, vipande vilikuwa vikubwa, kidole kiliweza kuhisi kinachochemka. Simu janja zilipokuja watu wengi wa rika lake waliacha, wakahamia kuuza kava. Yeye alijifunza upya kwa video za walimu wa Kihindi na Kichina. Hasikii neno hata moja katika lugha hizo. Anaangalia mikono.

Kijana anayejifunza kwake sasa, ambaye siku ile alikuwa anabadilisha vioo kwenye kona, ana njia nyingine. Simu yangu ilipowaka ikakataa kuchaji (nitalieleza hilo sasa hivi), aliiuliza programu ya akili bandia kwenye simu yake, ikampa sababu kumi zilizopangwa vizuri. Akamsomea bosi wake. Bosi akasikiliza zote kumi kwa heshima.

"Zote za kweli, dogo. Sasa iulize ipi."

Maana ilikuwa imewaka. Alibonyeza, mshale ukapanda, ukasita, ukaruka ruka, nembo ikatokea, halafu picha ya mjukuu wangu niliyoiweka kwenye kioo. Nikainuka kwenye stuli kutafuta pochi. Fundi hakuinuka. Alichomeka chaji, na alama ya chaji haikutokea. Akachomoa, akachomeka. Akaingia sehemu ya ndani ya simu inayoonyesha hali ya betri, akasoma kwa muda, akaniita nione. Simu yangu iliamini kwamba betri yake iko kwenye baridi kali kuliko ya kilele cha Kilimanjaro. Ilikuwa saa nane mchana, Dar es Salaam, mwezi wa pili, na sote watatu tulikuwa tumelowa jasho.

Betri ya simu ina waya mmoja ambao kazi yake si kubeba umeme wa kutumia, ni kupeleka habari za joto. Ndani yake kuna kipimo ambacho ukinzani wake huongezeka kadiri baridi inavyoongezeka. Waya ule ukikatika, simu inasoma ukinzani usio na mwisho, nayo kwa akili yake inahitimisha kwamba betri imeganda. Na kwa kuwa kuchaji betri iliyoganda ni hatari, inakataa. Simu haikuwa na ubovu wowote katika kuchaji. Ilikuwa inanilinda dhidi ya barafu. Zile sababu kumi za kijana, kwa haki yake, hii ilikuwamo, ya nane. Lakini waliisoma ya nane baada ya kuwa wameshaijua.

Njia ya habari ile ilikuwa imeliwa na kutu, umbali wa kama milimita sita. Fundi alikwangua rangi ya juu ya bodi kwa ncha ya kisu mpaka shaba ikachungulia upande wa huku, akafanya hivyo upande wa kule, akatoa kigurudumu chenye waya. Sikuuona waya. Ilibidi anipitishie kidole nihisi. Una unene wa milimita 0.02; unywele wa kichwani ni mara tatu yake na zaidi. Mafundi wanauita jampa, kwa sababu unaruka juu ya palipokatika.

Hapa ndipo ningependa msomaji awe alikuwapo. Pasi yenye ncha ya sindano mkono wa kulia, kibano chenye waya usioonekana mkono wa kushoto, viwiko viwili vimekazwa mezani, macho kwenye hadubini kiasi kwamba mikono yake haioni kabisa isipokuwa ikiwa mikubwa mara arobaini. Kwenye ukubwa huo mapigo ya moyo wake mwenyewe yalionekana kwenye ncha ya kibano: ilitikisika, ikatulia, ikatikisika. Hakupigana nayo. Aligusa katikati ya pigo na pigo. Tone la risasi likameza ncha ya waya. Akauongoza waya ukipinda kona mbili, kwa utaratibu, ukafuata barabara zilizokuwapo badala ya kukatiza juu ya majengo, jambo ambalo halina faida yoyote ya umeme ninayoifahamu. Akagusa upande wa pili. Akaufunika kwa gundi ya kijani, akaimulika kwa taa ya zambarau mpaka ikawa ngumu.

"Kwa nini umeupindisha? Si ungekwenda moja kwa moja?"

Aliangalia kazi yake, kama vile hakuwahi kuulizwa.

"Atakayefungua baada yangu aone palipopita mtu."

Alichomeka chaji. Nyuzi 34. Alama ya radi ikatokea. Kijana wa kona akapiga makofi mara moja, akarudi kwenye kioo chake. Mimi nilikuwa nimeshaishika pochi kwa mara ya pili, shilingi 25,000 tulizokubaliana, na jua lilikuwa limeanza kuinama upande wa Msimbazi, saa ya kugombea daladala.

Fundi alichomoa chaji, akarudisha nyaya za pawa saplai, akaiwasha simu kwa mara nyingine, akaizima kioo, akakunja mikono.

"Bado nini?"

"Tunangoja ilale, mama."

Simu iliyozimwa kioo haizimiki palepale. Kwanza inamaliza mambo yake, inaaga mitandao, inafunga milango mmoja baada ya mwingine. Namba kwenye pawa saplai zikawa zinashuka: mia na kitu, themanini, zikapanda kidogo, hamsini. Kama imebaki kapasita yoyote inayovuja pole pole, alisema, au kutu kidogo chini ya aisi, haitashuka. Itabaki inakula gizani, mteja ataamka asubuhi akute betri imeisha, atadhani ni betri, atanunua betri. Thelathini. Mshale ulikuwa umeshalala zamani, mshale hauoni vitu vidogo kiasi hicho, sasa ilikuwa kazi ya namba. Kumi na nane. Zikakaa kwenye kumi na nane kwa muda mrefu hata nikaanza kumtazama yeye badala yake. Hakusogea. Mwito wa adhana ya alasiri ulipita juu ya kelele za mtaa.

Tisa. Sita. Nne, na hapo zikatulia.

Akavuta ile karatasi yenye umbo la simu, akachukua skrubu ya kwanza.